Alama Walizojipa Wenyewe

Siku matokeo ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotoka, Uvira haisubiri redio. Mwanafunzi anatuma namba yake kwa simu, jibu linarudi, na baada ya muda mfupi waliofaulu wamekwisha kumwagiana poda nyeupe kichwani na usoni. Wanapita barabarani wakiimba, pikipiki zinawafuata kwa honi, akina mama wanatoka mlangoni wakipiga vigelegele. Nyumba nyingine siku hiyo zinafunga dirisha mapema, na majirani kwa adabu hawaulizi kitu.

Nyumba ya hadithi hii iko Songo, mmoja wa mitaa ya mji wetu uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Usiitafute kwa namba ya parseli. Nimekusanya chini ya paa moja mambo ambayo walimu wa sayansi wanayaona katika familia nyingi, ili yasimuliwe pamoja, kwa kuwa yakisimuliwa moja moja nusu ya funzo inapotea. Baba ni mvuvi wa ndakala. Mama anauza samaki wa kukaushwa. Watoto walio shuleni ni watatu: mvulana mkubwa, dada yake anayemfuata kwa mwaka mmoja, na msichana wa mwisho.

Mvulana alikuwa finalisti, mwaka wa nne wa humanité, seksio ya sayansi. Hakuwa mvivu. Nalisema mwanzoni kwa sababu watu wakisikia mtoto ameanguka mtihani wanatafuta uvivu kwanza, wakiukosa wanatafuta marafiki wabaya, na wakikosa hao pia wanatafuta mchawi. Huyu alisoma. Umeme wa SNEL ukikatika aliwasha taa ya sola. Taa ikififia alitumia tochi ya simu. Kaye zake zilikuwa safi, kila kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula, kila fomula imefungwa ndani ya kisanduku chekundu. Alisoma kaye ya kemia toka mwanzo hadi mwisho, akarudia, akarudia tena. Mara ya tatu macho yake yalipita juu ya kurasa bila kukwama popote. Kabla hajageuza karatasi alikwisha kujua ni mchoro gani unakuja.

"Mama, shimi nimeimaliza," alisema.

Baba akauliza, "Basi utapata ngapi?"

"Baba, sabini haikosi. Nikipata chini ya sitini na tano, ujue wamenionea."

Baba hakubishana naye. Alimwambia tu jambo la kazi yake. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa ndakala wanawasha taa juu ya maji, samaki wanapanda kwenye mwanga, na ziwa chini ya taa linaonekana kama linachemka. Kijana aliye mgeni katika kazi anaanza hapohapo kugawa pesa kichwani. "Sisi wazee tukiona maji yanachemka hatusemi tumevua," baba alisema. "Tunasema tumeona. Wavu ukishapanda ndiyo tunajua." Mvulana alisikiliza kwa heshima, akarudi kwenye kaye yake.

Mtihani ukafika. Wale wasioujua mtihani wetu waelewe kwamba sehemu kubwa ya siku zake nne ni itemu: swali, chini yake majibu yaliyokwisha kuandikwa, mtahiniwa anachagua moja. Nitachukua itemu tatu za aina wanayoikuta, maana ndani yake kumo kiini cha habari yote.

Ya kwanza ni ya kemia. Gramu 4 za soda kali, NaOH, ile ambayo watengeneza sabuni wanaijua, zimeyeyushwa kwenye maji hadi kupata mililita 500. Molariti yake ni ngapi? Mvulana aliitambua mara moja. Kaye yake ilikuwa na mfano wa gramu 40 ndani ya lita moja, jibu moli 1 kwa lita. Moli ya NaOH ina gramu 40, kwa hiyo gramu 4 ni moli 0,1. Akatazama majibu, 0,1 ilikuwepo. Akaweka alama, akaendelea kwa moyo mwepesi. Lakini swali halikuuliza kuna moli ngapi kwenye chupa. Liliuliza kuna moli ngapi kwa kila lita, na 0,1 ukiigawa kwa nusu lita unapata 0,2. Jibu hilo nalo lilikuwepo, mstari mmoja chini ya lile alilolichagua.

Ya pili ni ya biolojia. Wazazi wawili, wote Aa, wanazaa. Kati ya watoto wanaoonyesha sifa inayotawala, ni sehemu gani walio AA? Kaye ilikuwa na jedwali la Mendel: robo AA, nusu Aa, robo aa. Akachagua robo. Ila swali lenyewe lilikuwa limekwisha kuwatoa wale aa, kwa sababu hao hawaonyeshi sifa inayotawala. Katika kila wanne wamebaki watatu, na AA ni mmoja wao: theluthi.

Ya tatu ni ya fizikia. Jiwe limerushwa juu wima. Linapofika kileleni, mchapuko wake ni ngapi? Pale juu jiwe linasimama kitambo kidogo kabla ya kurudi, akachagua sifuri. Kasi ndiyo iliyo sifuri. Mchapuko unabaki uleule, karibu 9,8 m/s² kuelekea chini, la sivyo jiwe lingebaki hewani milele.

Angalia jinsi makosa haya yalivyo. Hakuna hata moja lililomuumiza wakati analifanya. Mwanafunzi asiyejua neno la Kifaransa anajua kwamba halijui. Ulimi unakwama, anatafuta, anakosa. Katika sayansi mtu anaweza kukosa huku akiona kabisa kwamba amepata, kwa sababu njia aliyopita ni ya kweli hadi hatua ya mwisho, na anayetunga itemu hulijua kosa hilo la kawaida na huliweka makusudi miongoni mwa majibu. Ukilikuta jibu lako limechapishwa pale, unaona karatasi yenyewe imekubaliana nawe. Kijana alitoka chumbani akihesabu kwa vidole itemu alizokuwa na hakika nazo. Zilikuwa nyingi, na hakusema uongo kuhusu hakika yake.

Simu ikajibu kwamba hakufaulu. Mpaka ni asilimia 50, naye hakuufikia.

Nyumbani walisema yale yanayosemwa siku zote: mashine imekosea, pointi zimeuzwa, kuna mtu ameweka jina lake mahali pa jina la mtoto. Mama alilia. Pesa za mtihani zilikuwa zimetoka kwenye beseni za ndakala, mwaka mzima wa masomo ulikuwa umelipiwa, na gharama zote hizo zingerudi upya. Kilichowauma kuliko kushindwa kwenyewe ni kwamba hawakuona dalili. Kijana aliyesema sabini hakuwa mwongo, kwa hiyo waliamini lazima mwongo awe mtu mwingine.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili limechunguzwa, na mojawapo ya majaribio yake makubwa lilifanywa kwa lugha yetu. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, watafiti wa Marekani, walichapisha katika jarida la Science jaribio la wanafunzi wa chuo kikuu waliopewa maneno 40 ya Kiswahili wajifunze maana zake kwa Kiingereza. Mashua ni mojawapo. Neno likishakumbukwa mara moja, kundi moja liliendelea kuulizwa neno hilo tena na tena, na kundi jingine likaendelea kulisoma tu bila kuulizwa. Kisha wote wakatakiwa kukisia: baada ya wiki moja mtakumbuka mangapi? Makundi yote yalikisia karibu sawasawa, nusu hivi. Wiki ilipotimia, walioendelea kuulizwa walikumbuka karibu 80 kwa 100. Walioendelea kusoma tu walikumbuka karibu 36 kwa 100.

Hayo makisio yanayolingana ndiyo yanayonishtua. Aliyekuwa na maneno kichwani na ambaye maneno yalikwisha kuanza kumtoka walikuwa na hisia ileile ndani yao. Ukiwauliza kwa mdomo huwezi kuwatofautisha, na wao wenyewe hawawezi kujitofautisha.

Miaka miwili kabla ya hapo, 2006, watafiti haohao walikuwa wamewapa wanafunzi habari fupi za kisayansi wazisome. Waliosoma mara nne mfululizo walikumbuka asilimia 40 baada ya wiki moja; waliosoma mara moja kisha wakajilazimisha kuzikumbuka mara tatu bila kuzitazama, asilimia 61. Na wale waliosoma mara nne ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi. Kuna kipande kingine cha jaribio hilo ambacho nadhani kila mwalimu wa Uvira angekifurahia: dakika tano tu baada ya kusoma, hali ilikuwa kinyume, waliosoma mara nne walikuwa mbele kwa 83 dhidi ya 71. Hilo linatueleza kwa nini buletini ya kijana wetu haikuwa mbaya. Interro ya darasani inatangazwa leo, anasoma usiku, anaandika kesho asubuhi, anapata 6 au 7 kwa 10. Alama hiyo ilikuwa halali. Ilipima usiku mmoja. Examen d'État inauliza miaka.

Wengine watakuwa wamesikia pia jina la Dunning na Kruger. Mwaka 1999, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Justin Kruger na David Dunning waliwapima wanafunzi kwa mantiki, sarufi na hata ucheshi, wakawaomba wajipange wenyewe kati ya wenzao. Waliokuwa mkiani walikuwa wamewapita, kwa wastani, watu 12 tu kati ya 100, lakini walidhani wamewapita 62. Maelezo yao yalikuwa kwamba ujuzi unaohitajika kutoa jibu sahihi ndio huohuo unaohitajika kutambua kwamba jibu si sahihi. Watafiti wengine wamepinga tangu hapo, wakionyesha kwamba sehemu ya pengo hilo inatokana na hesabu yenyewe, maana aliye chini kabisa akikosea kujikadiria hana pa kukosea ila juu. Pingamizi hilo lina uzito, na si haki kulitumia jina la watafiti hawa kumtukana kila mtoto aliyeanguka. Lakini itemu ya molariti inabaki palepale: yule asiyejua kugawa kwa lita hana kitu ndani yake cha kumwambia kwamba hakugawa.

Tena wanafunzi wa sayansi wana bahati wasiyoitumia. Mwaka 1989 Nancy Falchikov na David Boud walikusanya tafiti nyingi za wanafunzi wa vyuo waliojipa alama wenyewe, alama hizo zikalinganishwa na za walimu. Waliona kwamba katika masomo ya sayansi wanafunzi walijikadiria kwa usahihi zaidi kuliko katika masomo mengine, na walioendelea mbele zaidi kuliko wanaoanza. Inaeleweka. Insha unaweza kubishana na mwalimu, 0,2 huwezi. Mwanafunzi wa sayansi ana mizani karibu yake kila siku, kwa sharti kwamba arudishiwe kazi yake iliyosahihishwa na aone wapi alipotea njia.

Na hapo ndipo penye kidonda chetu. Darasa lina watoto wengi kupita kiasi. Mwalimu wa sekondari mara nyingi anaishi kwa michango ya wazazi, anakimbia shule mbili au tatu kwa wiki, na rundo la interro linabaki nyumbani kwake. Alama zinaingia kwenye daftari la pointi, karatasi hazirudi. Mtoto anaambiwa ana 5 kwa 10 bila kujua ni 5 zipi. Simlaumu mwalimu aliyechoka. Nasema tu kwamba mtoto aliyenyimwa karatasi zake amenyimwa kitu ambacho hata kaye safi kuliko zote haiwezi kumpa, na mzazi anayelipa ada ana haki ya kuziomba kwa upole na kwa kurudia.

Mpaka hapa ni hadithi ya mvulana. Kama ingekuwa peke yake nisingeiandika, kwa sababu kosa la mvulana, pamoja na machozi yote, lilipata siku yake ya kusahihishwa. Sasa dada.

Dada alianza humanité ya sayansi mwaka mmoja baada ya kaka yake. Taa ya sola ilikuwa ya kaka, maana yeye ndiye mkubwa na ndiye mwenye mtihani karibu. Msichana alisoma alivyoweza. Asubuhi kabla ya shule, akitandaza ndakala juani, alijiuliza maswali kwa kichwa, akatafuta jibu bila kaye, kisha akikauka mikono alikwenda kufungua kaye kuona kama amepata. Mara nyingi alikuwa hajapata. Nusu ya majibu yake yalikuwa na kasoro, na kila asubuhi aliziona kasoro hizo kwa macho yake. Kaka yake hakuwahi kuziona za kwake.

Alimaliza mwaka wa kwanza akiwa amepita, na pointi zake za hesabu na kemia zilikuwa nzuri kuliko za kaka yake mwaka aliokuwa darasa hilohilo. Hakuna aliyeziweka buletini mbili pamoja. Likizo ilipofika alimwambia mama, "Mama, sayansi hainiingii kichwani. Naona wenzangu wanasoma tu wanaelewa, mimi nakosa kila siku." Mama akamsikitikia mtoto wake. Baba akauliza, "Yeye mwenyewe anasemaje?" Wakamwambia. Basi, mtoto amesema mwenyewe, nani anamjua kuliko yeye? Wakamhamishia Coupe-couture, akaanza tena mwaka wa kwanza na wadogo zake.

Ushoni ni kazi yenye heshima, na Uvira ina mafundi wanaolea familia kwa cherehani. Lakini msichana huyu hakuchagua cherehani. Alitaka kazi ya maabara. Alikulia katika mji ambao kipindupindu kimeurudia mara nyingi mno, aliwahi kumwona jirani akibebwa, na alitaka kuwa mtu anayetazama ndani ya darubini na kusema ni nini. Aliacha kwa sababu alijipa alama, na alama hiyo ilikuwa ya uongo sawa na ile ya kaka yake.

Walichokifanya watoto hawa wawili ni jambo moja lililogeuzwa pande mbili. Kaka alisoma kwa njia nyepesi, akachukua wepesi kuwa ujuzi. Dada alisoma kwa njia ngumu, akachukua ugumu kuwa ujinga. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fizikia wa Harvard. Waliofundishwa kwa kuhangaishwa na maswali wayatatue wenyewe walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri, lakini wakiulizwa walisema wamejifunza kidogo zaidi. Ikiwa wanafunzi wa Harvard wanadanganywa na ugumu, tutamlaumuje msichana wa Songo anayefanya moli huku mikono ikinuka samaki?

Tena hayuko peke yake kama msichana. Vipimo vya kimataifa vya PISA vimeonyesha mara kwa mara kwamba wasichana wenye alama sawa na wavulana katika hesabu wanajiamini kidogo kuliko wao. Sisi nyumbani tunaongezea yetu: taa ya mkubwa, beseni la mdogo, na ile desturi ya kumwona mvulana anayejisifu kuwa ndiye mwenye akili, na msichana anayesita kuwa amekwisha kuamua.

Nimesema kosa la mvulana lilipata siku ya kusahihishwa. La dada halina siku hiyo. Mtu anayejipandisha atafika mbele ya mtihani na mtihani utamshusha. Anayejishusha anaondoka kabla, na hakuna mtihani unaomfuata nyumbani kumwambia kwamba angefaulu. Hakuna simu inayojibu. Familia haifungi dirisha, haimlilii mtu, haimshuku mchawi. Inaona tu kwamba mtoto amejua kipimo chake, na inamsifu kwa unyenyekevu.

Ukweli kuhusu dada ulijulikana kwa njia ya pembeni. Mvulana alirudia mwaka. Mwalimu mmoja alimwambia maneno machache ambayo ningependa yabandikwe katika kila darasa la finalisti: ukimaliza kusoma, funga kaye, usijipime usiku uleule, subiri kesho, kesho jiulize ukiwa na swali tu mbele yako, jibu limefunikwa, na kabla ya kila interro andika chini ya karatasi yako utapata ngapi, ikirudi andika umepata ngapi. Shauri la kusubiri nalo lina ushahidi. Mwaka 1991 Thomas Nelson na John Dunlosky walionyesha kwamba mtu akijikadiria mara tu baada ya kusoma anakosea sana, lakini akingoja kitambo na akaonyeshwa swali pekee, makadirio yake yanakaribia ukweli kwa kiasi cha kushangaza. Sababu si ngumu kuiona: kwa kungoja, anachokitazama si ukurasa tena, ni kumbukumbu yake mwenyewe.

Mara ya kwanza aliandika 8, akapata 4. Aliona aibu hata akataka kuichana karatasi. Mara ya pili aliandika 7, akapata 5. Kufika katikati ya mwaka alikuwa anaandika 6 na kupata 6, na siku moja aliandika 4 kabla ya interro ya fizikia, akaenda kwa mwalimu kabla ya somo kuanza na kumwambia, "Prof, mchapuko sijaushika." Kwangu mimi hiyo ndiyo siku aliyofaulu, ingawa poda alimwagiwa miezi mingi baadaye.

Jioni alihitaji mtu wa kumuuliza maswali. Akampa dada kaye, akakaa mbele yake akiwa ameupa ukurasa mgongo. Msichana aliuliza kama alivyoona, maneno mengine hajawahi kuyasikia, maana jenetiki inafundishwa mbele na yeye alikuwa ameondoka. Walifika kwenye swali la Aa. Kaka alieleza jedwali kwa sauti: mmoja AA, wawili Aa, mmoja aa. Akanyamaza akifikiri. Dada akasema, "Lakini huyu wa mwisho wamemtoa. Wamebaki watatu. Si ni mmoja kati ya watatu?"

Mama alikuwa anachambua maharage karibu nao. Hakuelewa herufi zile, lakini alielewa ni nani aliyetangulia kujibu. Akauliza, "Na wewe, nani alikuambia hujui?"

"Mimi mwenyewe, Mama."

Waliketi wakahesabu kama anaweza kurudi. Miaka miwili ya Coupe-couture ilikuwa imekwisha kulipiwa. Kurudi sayansi ni kuanza tena mwaka wa pili na watoto waliomzidi kwa mazoea, na kaka alikuwa anarudia mwaka kwa pesa za nyumba hiyohiyo. Haikuwezekana. Dada aliendelea na ushoni, na jioni aliendelea kushika kaye ya kaka yake mpaka mtihani, akijibu maswali ambayo mtihani wake mwenyewe hautayauliza.

Mwaka uliofuata msichana wa mwisho alimaliza darasa la nane, akafanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuwaelekeza wanafunzi, ikabaki familia kuamua seksio. Baba hakumuuliza kama anaweza sayansi. Alimwambia alete karatasi zote za mwaka: interro, majaribio, buletini, hata zile zilizofunika vitabu. Nyingine zilikuwa zimebaki kwa mwalimu. Mama alikwenda kuziomba, akapewa nusu. Walizitandaza kwenye mkeka. Kwanza mtoto aandike mwenyewe anachodhani, halafu kaka na dada wajumlishe.

Katika hesabu alijiandikia 45. Karatasi zikasema 63. Katika fizikia alijiandikia 60, kwa kuwa mwalimu wake ni mcheshi na somo lilimfurahisha. Karatasi zikasema 41, na dada alipozipitia moja moja aliona kosa lilelile mara nne: mtoto hawekei vizio majibu yake, kwa hiyo anachanganya gramu na kilo, dakika na saa. Kaka alitaka aende sayansi bila kusita. Dada alisema aende, lakini likizo nzima iwe ya vizio, na kaye iwe imefungwa.

Asubuhi yake mama alikwenda naye shuleni na pesa za kuandikisha, karatasi zikiwa kwenye bahasha. Alipoulizwa seksio gani, akasema sayansi, akaongeza kwamba mtoto ana shida ya fizikia, na kwamba angependa kujua ni mwalimu gani anayerudisha interro.